Jani Halina Msiba

Mzee Patrisi alikufa wakati mahindi ya Brigita yana majani manne. Ulikuwa wakati mbaya wa kufa. Hakuna aliyethubutu kulisema hilo, kwa sababu marehemu alikuwa na kambi ya watalii, matrekta, na binti mwenye sauti. Mtu wa namna hiyo hufa pale anapotaka yeye, wengine mtajipanga.

Kwenye kitongoji kile, juu ya barabara iendayo Mbulu, kukiwa na maiti haijazikwa hakuna jembe linalogusa udongo. Wazee wanasema ardhi inamfungulia mgeni mlango, na anayefungua mlango hapigwi mgongoni. Ni mila nzuri. Ilitungwa wakati mtu akifa asubuhi anazikwa jioni, na akichelewa sana analala usiku mmoja na kesho yake watu wanarudi kwenye majembe. Ilitungwa kabla ya friji za mochwari na kabla ya watoto wa watu kwenda Ulaya. Siku hizi marehemu anakaa kwenye baridi mpaka ndege ipatikane. Jani shambani, yaani gugu, haliko kwenye friji.

Brigita alikuwa na chupa ya dawa ya magugu chini ya kitanda. Aliuza kondoo wake aipate. Aliyemuuzia ni Nashilu, mwanamke wa Kimasai wa Arash aliyeolewa Karatu mjini akafungua duka la pembejeo. Nashilu hakuwa na adabu kwa wateja, na kwa sababu hiyo Brigita alimwamini.

"Mnanichosha nyie watu wa milimani," Nashilu alimwambia siku ile. "Mnakuja jani limefika kiunoni. Mnapiga dawa, jani linawacheka, halafu mnarudi hapa kunitukana kwamba Nashilu anauza feki. Feki ni nyie."

"Mimi nipige lini?"

"Jani likiwa changa. Lina majani mawili, matatu, mwisho manne. Hindi halijapita goti. Udongo uwe na unyevu, upepo umelala, na mvua isikunyeshee mpaka dawa ikauke. Ukipita hapo, umeogesha magugu. Maharage umechanganya humo?"

"Sikuchanganya."

"Salama yako. Hii ikikuta jani pana inaua. Haiulizi kama ni maharage ya mama mkwe."

Kweli hakuchanganya, na mama mkwe alishamsema kwa hilo kila Jumapili tangu kupanda. Shamba la mahindi matupu, alisema, ni shamba la kizungu. Ugali mtakula na chupa? Nyumba yake ingekaa mwaka mzima bila maharage ili dawa ipite, na ilibidi ipite, kwa sababu shamba halikuwa lao. Lilikuwa la baba mkwe, Mzee Hilary. Msimu uliopita gugu karoti na mchicha pori vililimeza mpaka ng'ombe wakapotelea ndani. Mzee alisimama kwenye mpaka, akatema mate, akawaambia wanawe wote wawili kwamba jani likimshinda Wilibrodi, mume wa Brigita, tena, shamba linakwenda kwa Leonce. Leonce ni mdogo mtu. Shamba analo tayari. La kaka yake alikuwa na hamu nalo tu.

*

Wilibrodi alirudi nyumbani kutoka msibani na utepe wa zambarau kifuani, umebanwa na pini, na kadi imeandikwa KAMATI. Hakuuvua hata alipokaa kunywa uji.

"Baba Dorkasi, jani limetoka," mkewe alimwambia.

"Na mtu amekufa."

"Najua. Wanazika lini?"

"Ijumaa. Ila dada Bernadina anasema kaka yake wa Ujerumani hajapata tiketi. Huenda ikawa Jumanne."

"Jumanne jani litakuwa na wajukuu."

"Mama Dorkasi, mimi ni kamati." Aligusa utepe kwa vidole viwili, kama mtu anayeangalia kama chapati imeiva. "Niko kitengo cha viti."

Maishani mwake Wilibrodi hakuwahi kuwekwa kwenye kamati yoyote, hata ya kuchimba choo cha shule. Sasa lori lilikuwa limeleta viti vya plastiki vya kukodi, vyeupe, na kazi yake ilikuwa kuvifuta umande na kinyesi cha kunguru kila asubuhi, kuvipanga, kisha jioni kuvipandanisha. Bernadina, binti wa marehemu, alimwita "wewe wa viti". Nyumbani Wilibrodi alisimulia kwamba Bernadina anamfahamu kwa cheo.

"Bomba si jembe," Brigita alisema. "Sichimbi. Naliweka mgongoni, namwagia majani, natoka."

"Ukiwa shambani uko shambani."

"Nani kasema?"

"Mwenyekiti."

"Mwenyekiti siku hizi anakula wapi?"

Wilibrodi alikunywa uji. Kila mtu alijua mwenyekiti anakula wapi.

*

Kesho yake Brigita alikwenda msibani kumenya viazi na wanawake wenzake, na alipomaliza beseni lake alinawa, akajifunga kanga vizuri, akaenda kumwona mwenyekiti wa kitongoji. Piusi alikuwa amekaa chini ya turubai, mfupa mkononi. Alikuwa mtu wa kunenepa kwenye misiba. Asubuhi alikuwa wa kwanza kufika kwenye chai, jioni wa mwisho kuondoka, na mkewe alishaonekana akibeba hotipoti iliyofunikwa kwa kitenge.

Brigita alipiga goti kidogo. "Mwenyekiti, naomba ruhusa. Nina dawa ya magugu, muda wake unapita. Sitatumia jembe."

Piusi alifyonza mfupa mpaka ukalia. "Dawa gani?"

"Ya kupuliza."

"Unataka kumpulizia marehemu dawa?"

Watu waliokaa karibu walicheka. Haikuwa na kichekesho, ila mtu akikaa kwenye kiti cha mbele karibu na nyama, hucheka anapocheka mwenye nyama.

"Nataka kupulizia magugu."

"Mila ni mila, mama. Tukianza na bomba, kesho mwingine ataleta plau."

Bernadina alikuwa anapita na simu mbili, moja sikioni, moja mkononi. Alisimama. "Kuna nini?"

"Huyu mke wa mtu wa viti," Piusi alisema. "Anataka kwenda shamba."

"Jamani!" Bernadina aliweka kiganja kifuani, machozi yakafika palepale. "Baba yangu amelala kwenye baridi, mtu anawaza magugu? Hivi nyie watu mna moyo gani?" Kisha akaendelea na simu: "Hapana, nimesema maua meupe na dhahabu. Njano sitaki. Njano ni ya harusi za Mbulu."

Brigita alirudi jikoni. Penina, jirani yake wa mpaka wa chini, alimsogezea kisu na kiazi.

"Mwenzangu, acha. Magugu yanatuzidi wote. Tutang'oa kwa mkono."

"Wewe una mabinti wanne na wakwe zako. Mimi nina mtu wa viti."

Penina alicheka mpaka akajikata kidole, akakinyonya, akaendelea kucheka. Kisha akasema taratibu, bila kumtazama, "Bomba langu liko nyuma ya banda. Sijalifunga."

*

Ijumaa ikawa Jumanne, Jumanne ikawa Jumamosi ya mbele. Kila tarehe ilipobadilishwa, kamati ilikaa kikao, na kila kikao kilikuwa na supu. Walichagua wimbo wa kupokea jeneza. Walibishana kama fulana zenye picha ya marehemu ziwe za kola au za shingo ya duara. Kitengo cha viti kiliombwa maoni kuhusu mistari ya viti, kikatoa maoni, maoni hayakufuatwa.

Mvua ilikuwa inanyesha mchana, inaacha, jua linatoka. Hali ya hewa ya namna hiyo mkulima huiomba kwa rozari, na magugu huipata bila kuomba. Kila asubuhi Brigita alikwenda kusimama ukingoni mwa shamba, mikono nyuma, mtu asije akasema amefanya kazi. Kusimama hakukatazwi. Mwanzo alikuwa anainama kuyaona magugu, ni kama udongo umeota vipele vya kijani. Kisha gugu karoti likaanza kuchanua majani yake yenye meno. Mchicha pori ukapandisha shina jekundu. Kishona nguo kikafika kifundo cha mguu. Mahindi yalikuwa bado juu, lakini kwa chini yalishaanza kupauka, kama mtoto anayekula sahani moja na kaka zake.

Alihesabu majani ya magugu kwa macho. Manne. Mengine yalikuwa yanaleta la tano.

Jioni alimwambia mumewe, "Ni kesho au basi."

"Kesho tuna mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kupokea mwili. Tunatembea na jeneza tupu kutoka getini mpaka kwenye turubai. Dada Bernadina anataka video itoke vizuri."

Brigita alitaka kuuliza nani atalia kwenye hayo mazoezi, akaona asipoteze mate.

*

Asubuhi upepo ulikuwa umelala kabisa. Moshi wa jikoni msibani ulipanda wima. Brigita alichukua bomba nyuma ya banda la Penina, akachota maji mferejini, akapima dawa kwa kifuniko kama Nashilu alivyomwonyesha, akatikisa, akafunga kanga puani. Bomba lilikuwa zito na mkanda mmoja ulikuwa kamba ya katani. Akaanza mpaka wa juu, anashuka na mstari, anapanda na mstari, mdomo wa bomba kaushusha chini kwenye magugu, mkono wa kushoto ukipampu. Hakukimbia. Mtu akikimbia na bomba anaacha mapengo, na pengo moja ni mbegu za miaka.

Alikuwa kafika katikati aliposikia kama nyuki. Akaangalia juu. Kidude cheusi chenye miguu kilikuwa kimesimama hewani juu yake, kinamtazama. Kwenye bomba kulikuwa bado na dawa. Akaendelea na mstari.

Chini msibani, mpiga picha aliyeletwa kutoka Arusha alikuwa anajaribu droni yake. Bernadina alitaka kuona msafara utakavyoonekana kutoka juu, kwa hiyo walitoa televisheni kubwa ya kambini, wakaiweka chini ya turubai, wakaiunganisha. Watu walisogeza viti, na Wilibrodi aliwapangia. Mzee Hilary alikaa mstari wa mbele na fimbo yake. Kwenye kioo vilionekana vilima, mabati, kanisa, mashamba yote ya kitongoji yamekaa kimya na majani yake.

"Angalia shamba la Leonce, limekuwa msitu!"

"Na lako je? Lile pale, ng'ombe wamepotea humo."

"Na huyo nani?"

Mwanamke alikuwa anatembea kwenye shamba la Mzee Hilary, bomba mgongoni, taratibu, anageuka mwisho wa mstari, anarudi.

"Mtu wa viti," Piusi aliita, "njoo uone. Si mkeo huyo?"

Wilibrodi alikuwa anafuta kiti. Aliangalia kioo. Kanga ile aliinunua yeye, Krismasi. "Simjui," alisema.

"Humjui mkeo?"

"Ukiwaangalia kwa juu hivi, watu wanafanana."

Turubai zima lilicheka. Mpiga picha naye, ambaye hakujua lugha ya watu wale wala mambo yao, alidhani wamependa picha. Akaipandisha droni juu zaidi ili waone na ng'ambo ya barabara. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na shamba la ngano la marehemu, kubwa, na katikati ya ngano trekta jekundu lilikuwa limefungua mabawa yake mawili marefu, linapuliza dawa ya magugu. Lilikuwa linakwenda vizuri. Nyuma yake ukungu mweupe ulikuwa unatua chini bila upepo.

Kicheko kilikatika. Kijiko kilisikika kikigonga sufuria jikoni.

"Geuza," Piusi alisema. "Geuza hiyo, tuonyeshe kanisa."

"Lile ni la mkataba," Bernadina alisema, hakuna aliyemuuliza. "Ngano ina mkataba na kampuni. Ngano haisubiri."

Watu waliangalia viatu vyao. Mzee Hilary aliangalia kioo mpaka kanisa lilipokuja, na baada ya kanisa bado alikuwa anaangalia palepale.

*

Kamati ilituma wanaume watatu kumleta, na Wilibrodi akatumwa awe wa nne ili aonekane hana upande. Walimvua Brigita bomba mgongoni, wakamwaga dawa iliyobaki mferejini, ambako mifugo ya kitongoji chote inakunywa. Mila ya kuzuia hilo haikuwepo.

Alisimamishwa mbele ya turubai, sketi imelowa, harufu ya dawa mwilini. Piusi alichukua kipaza sauti ambacho kilikodiwa kwa ajili ya kwaya.

"Mke wa Wilibrodi amevunja msiba. Faini ni mbuzi. Mila ni mila."

"Na trekta?" Brigita aliuliza. Hakuwa na kipaza sauti, lakini alisikika.

"Trekta ni mashine. Mashine haina imani."

"Bomba ni nini?"

"Bomba lina mtu mgongoni."

"Trekta lina mtu kitini."

Kuna mtu alipaliwa na chai. Bernadina alianza kulia, safari hii kwa sauti, na wanawake wawili wa kambini wakamshika mikono.

"Unajibizana na msiba?" Piusi alipandisha sauti mpaka spika ikapiga filimbi. "Mbele ya watoto wa marehemu? Wilibrodi, kalete mbuzi!"

Wilibrodi alikwenda mbio. Walikuwa na mbuzi wawili, na aliyemleta ni yule mnene. Mwenyewe alimwona kuwa ndiye wa heshima. Alichinjwa mchana uleule, kabla mvua haijaanza. Mzee Hilary, kwa kuwa ni mtu mzima, alipelekewa maini. Aliyala. Brigita alirudi jikoni, akapewa kazi ya kukatia vitunguu nyama ya mbuzi wake, akavikata. Aliangalia wingu kuliko alivyoangalia kisu. Mvua ilipodondoka, dawa ilikuwa imeshakauka kwenye majani, na yeye akashusha pumzi. Wenzake walidhani anamlilia mbuzi.

*

Mazishi yalikuwa mazuri, kwa maana ya video. Mwana wa Ujerumani alishuka kwenye gari na miwani myeusi, akalia inavyotakiwa, na wakati wa chakula alimuuliza dereva kama kesho kuna nafasi ya kuteremka kreta kuona wanyama. Kwenye shukrani kamati ilitajwa: kitengo cha ulinzi, kitengo cha chakula, kitengo cha mapambo. Cha viti kilisahaulika. Wilibrodi alikaa na utepe wake mpaka viti vyote vilipopakiwa kwenye lori, kisha akaukunja, akautia mfukoni.

Asubuhi iliyofuata kitongoji kizima kilikimbilia mashambani na kukuta hakuna shamba, kuna nyasi. Kwa Brigita, nusu ya juu magugu yalikuwa yamelala chini, meusi, kama nywele zilizonyolewa, na mahindi yamesimama peke yake yanapumua. Nusu ya chini gugu karoti lilikuwa na maua.

"Hii tung'oe kwa mkono," Brigita alisema. "Hindi limepita goti. Nashilu alikataza."

"Nashilu ana mahindi?" Wilibrodi aliuliza. "Mmasai anajua nini cha mahindi? Dawa imebaki kwenye chupa. Mimi sitapiga magoti kwenye majani kama mwanamke na dawa ipo."

"Baba Dorkasi, muda wake umepita."

"Tutafidia."

Kufidia kwake kulikuwa hivi: penye kifuniko kimoja akaweka viwili, halafu akaongeza kidogo kwa sababu jani ni kubwa. Alipiga saa ya jua kali, upepo ukivuma, kwa mwendo wa haraka, maana alikuwa anatafuta kurudisha heshima na heshima ilikuwa mbali. Magugu yalijipinda, yakakaa hivyo, kisha yakanyanyuka tena na maua yake. Mahindi ndiyo yaliyoielewa dawa. Majani yalijisokota yakawa kama ya kitunguu, mashina yakainama upande, mengine yakakatika yenyewe kwa uzito wao.

"Dawa feki," Wilibrodi alisema jioni.

Brigita alikuwa anasonga ugali. Aliendelea kusonga.

*

Mzee Hilary alikuja bila taarifa, na Leonce nyuma yake. Leonce alikuwa amebeba kamba ya kupimia, kaizungusha begani kwa unyenyekevu, kama mtu aliyeiokota njiani. Wilibrodi alitoka ndani anafunga vifungo. Wakasimama wote ukingoni, na Brigita akasimama nyuma kidogo, panapomstahili mkwe.

Mzee alitembea mpaka ule wote. Alirudi, akanyoosha fimbo kwenye nusu iliyo safi.

"Huku kapiga nani?"

"Mimi, baba," Wilibrodi alisema.

Fimbo ikahamia kwenye nusu iliyoungua. "Na huku?"

"Huku ni Mama Dorkasi. Nilimwambia asubiri. Unawajua wanawake, baba, vipimo vinawashinda."

Brigita alimwacha aendelee. Alitaka kuona mtu huyu aliyezaa naye anafika mpaka wapi kama hazuiwi.

"Siku ile," Mzee alisema, "nilipewa kiti cha mbele. Kilikuwa na kinyesi cha kunguru. Nani alinifutia?"

Wilibrodi aliangalia chini. "Ni mimi, baba."

"Ulikifuta huku unaangalia tivii. Ukasema humjui."

Leonce alicheka, kicheko kifupi cha puani. Baba yake aligeuka.

"Wewe unacheka nini? Nimepita kwako asubuhi. Mbuzi wako nimewaona masikio tu. Nikikuongezea hili, utalilima au utalipigia picha?"

Leonce aliiteremsha kamba begani, akaishika mkononi, akaona hata hapo haikai vizuri.

Mzee Hilary alikaa juu ya jiwe la mpaka. Alionekana ana hasira, na zaidi alikuwa na hasira na tumbo lake mwenyewe, lililokula yale maini. "Nusu hii safi ailime yeye. Si wewe, Wilibrodi. Yeye. Avune, aweke ghalani kwake, na mtu asimuulize. Hiyo iliyoungua narudisha mkononi mwangu mpaka nione mwenye akili."

Wilibrodi alifungua mdomo. "Baba, mwanamke na shamba..."

"Nilikuuliza?"

Hapo ilitakiwa Brigita apige magoti ashukuru. Leonce alishasogea kumpa nafasi. Hakupiga.

"Baba," alisema, "siku ile uliona trekta."

"Niliona."

"Ukanyamaza."

Mzee alikuna ardhi kwa ncha ya fimbo. "Nilikuwa msibani, binti yangu."

"Na mimi nilikuwa msibani. Nilisimama peke yangu mbele ya watu." Sauti yake haikupanda. "Nilitozwa watu wakisikia. Leo unanipa pembeni ya shamba, tuko wanne, na wawili kati yetu kesho watasema hawakusikia."

Wilibrodi na Leonce waliangaliana. Kwa mara ya kwanza msimu ule walikuwa wanawaza jambo moja.

"Unataka nini sasa?" Mzee aliuliza.

"Mpigie mwenyekiti."

Mzee Hilary alimtazama kama anavyotazamwa ndama aliyezaliwa na rangi isiyo ya zizi lile. Kisha akatoa simu kwenye koti, simu ndogo ya vitufe, akaisogeza mbali na macho, akabonyeza. Iliita kwa muda. Piusi alipokea, na mdomoni alikuwa na kitu.

"Shikamoo Aako Hilary, babu yetu. Niko huku kwa mzee mmoja, tunakula arobaini."

"Marahaba. Sikiliza. Kwenye mkutano wa kitongoji nina neno, uliandike la kwanza. Nusu ya shamba langu la juu nimempa mke wa Wilibrodi."

"Jina," Brigita alisema.

Mzee aliiweka simu mbali kidogo na sikio, akamwangalia, akairudisha. "Brigita. Andika Brigita."

Ilisikika mifupa ikisogezwa kwenye sahani. "Brigita yupi?"

"Yule uliyekula mbuzi wake."

Simu ilimeza kwanza.

"Aaa," ilisema. "Huyo namfahamu."